Zana za Bure za Mtandaoni kwa Mwalimu wa Darasani: Zilizobaki Mezani Kwangu na Nilizoziweka Kando

Mwalimu anayetafuta zana za bure za kufundishia mtandaoni hapungukiwi na orodha. Anachopungukiwa ni muda wa kuzijaribu. Orodha zenyewe mara nyingi huandikwa na watu wanaohesabu zana badala ya kuzitumia, ndiyo maana utakuta zana hamsini zimesifiwa kwa sentensi mbilimbili, zote rahisi kutumia na zote za kuvutia. Tathmini hii inahusu zana chache tu, ambazo nimezitumia mwenyewe katika vipindi vya hisabati na fizikia, na kipimo nilichozipimia ni kimoja: baada ya dakika kumi za kuitumia zana hii, je, nimejua jambo kuhusu fikra za wanafunzi wangu ambalo sikulijua nilipoingia darasani? Zana iliyolifurahisha darasa zima lakini ikaniacha gizani kuhusu swali hilo nimeipa alama za chini, hata kama wanafunzi wenyewe wangeipa alama zote.

Kabla ya kuzitaja moja moja, neno "bure" linahitaji kuchambuliwa, maana limebeba mambo matatu yasiyofanana. Zipo zana ambazo ni za bure kwa sababu zimetengenezwa na chuo kikuu au shirika lisilotafuta faida, na gharama zake hulipwa na wafadhili. PhET (majaribio ya sayansi ya kwenye skrini) na Khan Academy (mazoezi na video za masomo) ni za kundi hili. Zipo zilizo za bure kwa sababu msimbo wake ni huria, kiasi kwamba hata mtengenezaji wa kwanza akiziacha, wengine wanaweza kuziendeleza. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni uliotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ndiyo mfano unaofahamika zaidi. Kisha lipo kundi kubwa kuliko yote, la zana za kampuni zinazotoa toleo la bure ili kumvuta mtumiaji, huku vitu vinavyotamanika zaidi vikiwekwa katika toleo la kulipia. Sina ugomvi na biashara ya namna hiyo, na baadhi ya zana ninazozisifu hapa ni za kundi hilo hilo. Ila ni vyema mwalimu ajue zana yake iko kundi gani kabla ya kuujenga muhula mzima juu ya kitu ambacho masharti yake yanaweza kubadilishwa wakati wowote.

Naanza na Plickers, kwa kuwa ndiyo iliyopita kipimo changu kwa alama za juu kuliko nyingine zote za maswali, na pia ndiyo inayohitaji vifaa vichache zaidi. Mwanafunzi hahitaji simu wala kompyuta. Anahitaji kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa mraba, unaofanana kidogo na ile misimbo inayosomwa kwa kamera. Kila kadi ina namba yake na mchoro wake usiofanana na wa kadi nyingine, na pande zake nne zimeandikwa A, B, C na D kwa herufi ndogo sana. Mwalimu akishauliza swali, kila mwanafunzi huigeuza kadi yake ili herufi ya jibu alilolichagua iwe juu, kisha huiinua, na mwalimu huipitisha kamera ya simu yake taratibu kutoka upande mmoja wa darasa hadi mwingine. Simu husoma kadi nyingi kwa mara moja na kumwonyesha papo hapo nani amejibu nini. Kadi hupakuliwa na kuchapishwa bila malipo. Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo seti kubwa ya kadi 63 kwa ajili ya madarasa yaliyojaa.

Thamani yake haimo katika kamera. Imo katika jambo ambalo kunyoosha mikono hakujawahi kuliweza, yaani jibu linafichika kwa wanafunzi wenzake lakini liko wazi kwa mwalimu. Tunapouliza darasa "mmeelewa?" tunajibiwa "ndiyo" kwa sauti moja, na tunapowataka wanyooshe mikono, wale wasio na uhakika huutazama mkono wa mwanafunzi anayeaminika kuwa hodari, kisha huunyoosha wa kwao baada ya sekunde mbili. Kwa kadi hizi mwanafunzi hana wa kumtazama, kwa sababu mchoro wa jirani yake haufanani na wake na herufi zake hazisomeki kwa mbali. Nilipouliza kwa mara ya kwanza ipi ni kubwa kati ya 0.35 na 0.8, swali nililoliona jepesi kiasi cha kuliulizia tu ili kuzijaribu kadi, niligundua kwamba sehemu kubwa ya darasa ilichagua 0.35, kwa hoja kwamba 35 ni zaidi ya 8. Wanafunzi hao hao walikuwa wamejumlisha na kutoa desimali kwa wiki mbili bila shida, kwa kuwa kanuni ya kupanga nukta chini ya nukta haimlazimishi mtu kujua thamani ya nafasi. Bila jibu la kila mmoja, ningeendelea na mada iliyofuata nikiwa na amani kabisa.

Kadi hizi zinafaa pia kwa mbinu iliyoenezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, tangu miaka ya 1990: wanafunzi hupiga kura kila mtu peke yake, hujadiliana na jirani mwenye jibu tofauti, kisha hupiga kura tena. Sharti ni kwamba mwalimu asiwaonyeshe matokeo ya kura ya kwanza kwenye projekta, kwa sababu wakishaiona nguzo ndefu kwenye chati, mjadala umekwisha, na kila mtu anahamia kwenye nguzo hiyo. Swali linalofaa kwa mbinu hii ni lile linaloligawa darasa. Likijibiwa sahihi na karibu wote hakuna cha kujadili, na likikosewa na karibu wote, watakachofanya ni kuambukizana kosa.

Kasoro zipo. Kadi zilizopakwa plastiki inayong'aa huakisi mwanga wa dirisha na kamera hushindwa kuzisoma, kwa hiyo karatasi ngumu isiyong'aa ni bora. Wanafunzi wadogo huufunika mchoro kwa vidole, na inabidi wafundishwe kuishika kadi pembezoni. Katika chumba kirefu, kadi za walioketi nyuma hazisomeki vizuri zikichapishwa kwa ukubwa mdogo. Toleo la bure lina kikomo cha idadi ya maswali katika seti moja, jambo ambalo halijanisumbua, kwa kuwa maswali matatu yaliyofikiriwa vizuri yanatosha kipindi kimoja. Kikwazo halisi kiko kwa mwalimu mwenyewe: maswali ni ya kuchagua tu, na swali la kuchagua huwa bora kadiri ya ubora wa vipotoshi vyake, yaani majibu yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya lile sahihi. Jibu lisilo sahihi ambalo hakuna mwanafunzi anayeweza kulifikiria halifundishi chochote linapokataliwa.

Kahoot! ndiyo zana ambayo karibu kila mwalimu ameisikia, na ndiyo ambayo maoni yangu yatawaudhi baadhi ya wasomaji. Ilianzishwa Norwei na kutolewa kwa umma mwaka 2013, na ubunifu wake wa awali ulikuwa mzuri kweli: swali huonekana kwenye skrini ya mbele, na kwenye kifaa cha mwanafunzi huonekana rangi nne na maumbo manne tu, kwa hiyo macho ya wote hubaki mbele na darasa hubaki moja. Mwanafunzi huingia kwa namba ya mchezo bila kufungua akaunti. Muziki, saa inayohesabu kurudi nyuma na jukwaa la washindi watatu huleta msisimko ambao sijauona katika zana nyingine yoyote.

Tatizo ni kwamba katika mpangilio wake wa kawaida, alama hutolewa kwa usahihi na kwa kasi pamoja. Anayejibu sahihi baada ya kufikiri hupata alama pungufu kuliko anayejibu sahihi upesi, na wanafunzi hulijua hilo mapema kuliko mwalimu. Katika maswali ya msamiati au majedwali ya kuzidisha, kasi ina maana yake na sina pingamizi. Katika swali linalohitaji hatua tatu za kufikiri, saa hugeuza jibu kuwa bahati nasibu, na ripoti ninayoipata baadaye hainiambii kama mwanafunzi alikosea kwa kutojua au kwa kuharakisha. Dawa ipo ndani ya zana yenyewe, kwa kuwa muda wa swali unaweza kuongezwa hadi dakika nne na alama za swali zinaweza kuondolewa kabisa. Ukifanya hivyo unapata zana nzuri ya kujifunzia, japokuwa wanafunzi watanung'unika kwamba umewaharibia mchezo. Mimi huitumia kwa marudio tu, siku ya mwisho ya juma, na sijidai kwamba siku hiyo nimepima uelewa wa mtu.

Google Forms haina rangi wala muziki, na labda ndiyo maana haisifiwi inavyostahili. Walimu wengi huishia kuitumia kama karatasi ya mtihani inayojisahihisha, kazi ambayo inaifanya vyema ilimradi maswali yawe ya kuchagua. Kwa majibu ya kuandika inahitaji uangalifu, maana hulinganisha jibu la mwanafunzi na jibu uliloweka herufi kwa herufi, na aliyeandika "sm 5" hukosa alama ikiwa uliweka "5 sm". Nguvu yake iko katika kipengele kinachoruhusu kila jibu kumpeleka mwanafunzi kwenye sehemu tofauti ya fomu. Nimewahi kutengeneza fomu ya maswali sita tu kuhusu kujumlisha sehemu, ambamo aliyejibu kwamba nusu ukijumlisha na theluthi ni mbili ya tano hakuambiwa kwamba amekosa. Alipelekwa kwenye ukurasa wenye mchoro wa nusu na mchoro wa mbili ya tano, akaulizwa ipi ni kubwa, kisha akarudishwa kwenye swali la mwanzo. Kuona kwamba jumla aliyoipata ni ndogo kuliko mojawapo ya namba alizojumlisha kulimwambia zaidi ya alama yoyote nyekundu.

Kazi ya kuiandaa fomu kama hiyo ni kubwa, na sitaki kumdanganya mtu: maswali sita yalinichukua jioni nzima, kwa sababu kila kosa linalotarajiwa linahitaji ukurasa wake. Lakini fomu hiyo inatumika tena mwaka baada ya mwaka, na majibu yote huingia kwenye lahajedwali ambalo naweza kulipakua na kulihifadhi mahali pengine.

Nikihama kutoka maswali kwenda maonyesho, nasimama mbele ya PhET, na hapa sina budi kukaa kidogo. Ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati yanayoigizwa kwenye kompyuta, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Hakuna akaunti inayohitajika, na hakuna matangazo. Kila jaribio la kizazi kipya ni faili moja linalofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na unaweza kulipakua na kulitumia baadaye bila intaneti. Baadhi yamekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na watu wanaojitolea, ingawa mwalimu atalazimika kuyapitia kwanza ili aone kama istilahi zilizotumika ni zile zile anazozifundisha.

Chukua jaribio la kuunda saketi. Darasa lolote ukiliuliza nini kitatokea balbu mbili zikiungwa kwa mfululizo kwenye betri moja, utawapata wanaoamini kwamba balbu ya kwanza "itakula" sehemu ya mkondo na ya pili itapata mabaki. Imani hiyo ni sugu kwa sababu inafanana na maisha: maji yanapotumiwa njiani hupungua, na chakula kinachoanzia mwanzo wa foleni huisha kabla ya mwisho. Hapo huwaambia waandike utabiri wao kwanza, kwa kalamu, kwenye daftari. Kisha tunaunda saketi kwenye skrini, tunaweka amita, yaani kifaa cha kupimia mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, nyingine kati ya balbu na nyingine baada ya balbu ya pili, na usomaji unakuwa ule ule mahali pote. Katika jaribio hili elektroni huonekana kama vidoto vinavyotembea kwenye waya, na wanafunzi wanaona wenyewe kwamba havipungui baada ya kupita kwenye balbu. Wakiunganisha waya moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, betri inawaka moto, jambo ambalo kila mwaka linarudiwa mara nyingi kuliko somo linavyohitaji.

Utabiri ulioandikwa kabla ndio unaotofautisha jaribio na sinema. Nimewahi kulionyesha jaribio hilo hilo bila kuwataka watabiri, nikiwa na haraka ya kumaliza mada, na wiki moja baadaye balbu ya pili ilikuwa bado inapata mabaki katika madaftari yao. Mwanafunzi asiyejifunga kwa maandishi huona anachokiona na kujiambia kwamba ndivyo alivyofikiri tangu mwanzo.

Nina angalizo moja kuhusu majaribio ya namna hii. Saketi ya kwenye skrini haina waya uliolegea wala betri iliyochoka, isipokuwa ukiyaweka hayo makusudi, na mwanafunzi aliyefundishwa kwa skrini pekee hushangaa anapoigusa balbu halisi isiyowaka kwa sababu ya kutu. Panapokuwa na vifaa halisi, huanza na vifaa na kuifuata skrini ili kuonyesha kile kisichoonekana, yaani elektroni. Na baadhi ya majaribio ya zamani yalitegemea Flash, teknolojia ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020. Mengi yameandikwa upya, lakini mwalimu mwenye viungo vya zamani kwenye maandalio yake ya masomo afadhali avijaribu kabla ya kipindi.

Kwa hisabati, GeoGebra inashika nafasi iliyo karibu na hiyo. Ilianza kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni, lakini matumizi yasiyo ya kibiashara yamebaki kuwa ya bure. Uwezo wake mmoja unatosha kuihalalisha: mchoro unaweza kuvutwa na uhusiano wake ukabaki. Chora duara, chora kipenyo, weka nukta popote kwenye mzingo na uiunganishe na ncha mbili za kipenyo, kisha mwambie mwanafunzi aivute nukta hiyo anakotaka. Pembe inabaki nyuzi 90. Ubaoni ningeweza kuchora michoro mitatu na kudai kwamba mingine yote ingekuwa hivyo. Hapa mwanafunzi mwenyewe hutafuta mahali ambapo kanuni itavunjika, hakupati, na ndipo anapouliza kwa nini. Jibu la "kwa nini" linabaki kuwa kazi ya ubao na chaki, kwa sababu kuvuta nukta mara mia si uthibitisho.

GeoGebra ina vitufe vingi, na anayeifungua kwa mara ya kwanza anaweza kukata tamaa. Kwa grafu peke yake, Desmos ni nyepesi zaidi: unaandika mlinganyo, grafu inajichora, na ukiweka herufi badala ya namba unapewa kitelezi cha kubadilishia thamani yake. Kwa kuuliza kinachotokea kwa parabola namba inayozidisha x² inapokuwa hasi, sijaona kitu cha haraka kuliko hicho. GeoGebra ina hazina ya shughuli zilizotengenezwa na walimu wengine, na ushauri wangu ni kuchukua moja iliyo karibu na unachokihitaji na kuirekebisha, badala ya kuanza na ukurasa mtupu.

Upande wa mbao za pamoja, ambazo wanafunzi hubandikia mawazo yao kama vikaratasi ukutani, nitapita upesi. Padlet ni nzuri na toleo lake la bure huruhusu mbao chache tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo huifuta ya zamani kabla ya kutengeneza mpya. Ubao wa aina hii husaidia wanafunzi wasiopenda kusema, lakini mawazo arobaini yakishabandikwa, mwalimu hana muda wa kuyasoma yote ndani ya kipindi, na wanafunzi hulitambua hilo. Kwa madarasa madogo unafaa. Kwa makubwa nimeuacha.

Kundi hili la mbao na video ndilo pia lililonifundisha kuuliza swali la kutokea kabla ya kuingia. Jamboard ya Google ilitumiwa sana na walimu wakati shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, kisha ikafungwa mwisho wa mwaka 2024. Flipgrid, ambamo wanafunzi walijirekodi video fupi, na ambayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 na kufanywa ya bure kabisa, iliondolewa mwaka 2024 kama huduma inayojitegemea. Mimi binafsi niliwahi kupoteza benki ya maswali niliyoikusanya kwa mihula miwili katika huduma ambayo sitaitaja, baada ya kitufe cha kupakua maswali kuhamishiwa kwenye toleo la kulipia. Sikuwa nimekibofya hata siku moja kilipokuwa cha bure, na hilo ni kosa langu. Tangu hapo, siku ya kwanza ya kujaribu zana yoyote hutafuta namna ya kukitoa nje nilichokiweka ndani. Majibu ya Google Forms hutoka kama lahajedwali, michoro ya GeoGebra hutoka kama mafaili, PhET hupakuliwa kama ilivyo. Zana isiyo na mlango huo huitumia kwa kitu ambacho sitakilia kikipotea.

Khan Academy ilizaliwa kutokana na Salman Khan kumsaidia binamu yake hisabati kwa mbali mwaka 2004, na ikawa shirika lisilotafuta faida mwaka 2008. Watu huizungumzia kwa video zake, lakini naona mazoezi ndiyo bora. Mwanafunzi akikwama anapewa dokezo moja moja, na mwalimu anaona ni zoezi gani limewashinda wengi. Video huzipendekeza kwa aliyekosa kipindi. Kuzionyesha kwa darasa zima ni kumwajiri mwalimu wa pili na kumnyamazisha wa kwanza.

Kwa shule ambayo intaneti yake ni ya kubahatisha, zipo zana mbili zinazostahili nafasi kubwa kuliko zinayopewa. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, hukusanya mazoezi na video, zikiwamo za Khan Academy, ndani ya kompyuta moja inayofanya kazi ya seva; vifaa vingine huunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani, bila intaneti yoyote. Maudhui hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri na kuhamishwa kwa diski. Mwalimu huona maendeleo ya kila mwanafunzi kana kwamba wako mtandaoni. Kuisimika kunahitaji mtu asiyeogopa kompyuta, na mazoezi ni mengi kiasi kwamba usipowachagulia wanafunzi, watabofya hiki na kile hadi kengele ilie. Kiwix, ambayo ipo tangu mwaka 2007, hufanya kazi kama hiyo kwa Wikipedia na vitabu: unapakua faili moja kubwa na maktaba nzima inakaa kwenye kompyuta. Kamusi elezo ya Kiingereza pamoja na picha zake ni takriban gigabaiti mia moja, lakini zipo sehemu ndogo zilizochaguliwa kwa mada, na ile ya Kiswahili ni nyepesi sana ikilinganishwa nayo.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazojibu kwa maandishi, zilizovuma tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, nimezipatia kazi moja ambayo zinaifanya vizuri: kunipendekezea vipotoshi. Huiandikia programu swali na jibu sahihi, kisha huitaka inipe majibu sita yasiyo sahihi, kila moja likiambatana na kosa la kufikiri linaloweza kulizalisha. Kati ya sita, mawili au matatu huwa yanafanana na makosa ninayoyaona madaftarini, na hayo ndiyo huyachukua. Kwa maandalio ya masomo sijaridhika nazo, kwa kuwa zinaandika andalio la darasa lolote, na darasa langu si darasa lolote. Tena hukosea hesabu na kutaja vitabu visivyokuwapo kwa ujasiri ule ule zinaoutumia kusema kweli, kwa hiyo swali lolote zinalolitunga hulikokotoa mwenyewe kabla ya kuliweka mbele ya wanafunzi.

Limebaki suala la majina ya watoto, ambalo matangazo ya zana hizi hulipita haraka. Huduma nyingi huweka sharti la umri wa miaka 13 kwa anayefungua akaunti, sharti lililotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, na wanafunzi wengi hulivuka kwa kudanganya mwaka wa kuzaliwa. Kwa sababu hiyo huzipendelea zana ambazo mwanafunzi hahitaji akaunti. PhET haiulizi chochote, Desmos na GeoGebra hutumika bila kujisajili, na katika Kahoot! hutumia majina ya kupanga niliyowapa mwenyewe, hatua ambayo pia imeondoa yale majina ya utani yasiyosomeka mbele ya watu. Katika Plickers huingiza namba za kadi peke yake. Mwanafunzi mwenye kadi namba 17 ni nani, hilo limeandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari langu la mahudhurio.